Mkwe Aliyekataa Kupanda Mteremko

Jina lake la kwenye cheti halina kazi hapa. Hospitalini kote, kuanzia getini hadi chumba cha upasuaji, aliitwa Bi Zulia, na waliompa jina hilo ni kina mama wa wodi ya wazazi, ambao wakishajifungua hawana shughuli nyingine isipokuwa kunyonyesha na kuchungulia dirishani wapate wa kumsema. Chini ya madirisha yao palikuwa na mteremko wa nyasi, mkali, kutoka ukuta wa wodi hadi uzio wa chini. Bi Zulia aliukata kwa mistari iliyonyooka kama mshono, mmoja umelala huku, mmoja kule, mpaka mama mmoja mwenye mapacha akawaambia wenzake kwamba yule hakati nyasi, anatandika zulia. Jina likaganda hapo hapo.

Hakuzaliwa na mashine mkononi. Alianza kazi na fyekeo, wanawake sita kwenye mstari mmoja, miaka kumi na mitatu ya kuinama. Sita hao walipungua kama meno: huyu aliolewa mbali, huyu alistaafu, huyu mgongo ulisema basi. Yeye alibaki hadi asubuhi moja ya umande alipoteleza kwenye mteremko uleule, nyonga ikavunjika, akapandishwa ghorofani katika hospitali aliyoikatia nyasi, akaungwa kwa vyuma. Alitoka anatembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Wakubwa wakamhurumia, wakampeleka chumba cha kufulia akunje mashuka.

Huruma nyingine ni kifungo. Chumba kile hakikuwa na dirisha hata la kumpitisha paka. Mashuka yalikuja yana joto, yakakunjwa, yakaondoka, yakaja mengine, na mwanamke aliyekulia juani akawa anavunda mle ndani kama nguo iliyokunjwa mbichi. Alikaa miezi minane. Ukimuuliza hali alisema nzuri, na uso wake ukimkana palepale.

Ndipo ikaja mashine ya kukata nyasi inayojivuta yenyewe. Zile za kusukuma zilikuwepo, lakini kuisukuma moja kupanda ule mteremko ni kazi ya mtu mwenye nyonga mbili za Mungu. Hii ilikuwa na kishikio kimoja cha kuzungusha kisu na kingine chembamba cha kuyaamuru magurudumu ya nyuma. Ukikibana hicho chembamba, inakwenda. Bi Zulia aliomba aijaribu. Alikibana, mashine ikaondoka naye, akaifuata mbio mbio kama mtu aliyefukuzwa na mwenye nyumba, na wauguzi wakacheka hadi wakashikana mabega. Lakini ilipofika kwenye mteremko ilipanda. Haikupunguza mwendo wala kuguna. Ilipanda na kumvuta na yeye, nyonga yake ya chuma ikawa kama haipo. Alipofika juu alisimama, akatazama chini alikotoka, na hakusema neno, jambo ambalo waliomfahamu walilishangaa kuliko ile mashine.

Akaiita Mkwe. Alieleza kwamba mbele ya mkwe hupayuki, hupiti mbele yake, unamfuata nyuma kwa adabu, na siri za sandukuni mwake huziulizi. Miaka tisa walikwenda hivyo. Alijua kumtia petroli na oili, alijua kuvuta kamba akawaka. Kinachoyafanya magurudumu yaende hakukijua na hakutaka kukijua. Aliona ni heshima.

Alimlipa kwa usafi. Kila Ijumaa mstari wa mwisho ukiisha alimvutia penye bomba nyuma ya stoo, akamwosha. Na kuosha kwa Bi Zulia si kumwagia maji. Nyumbani kwake sufuria husuguliwa hadi kwenye misumari ya mpini. Mlangoni pa stoo palibandikwa karatasi inayosema waendeshaji wasiguse nati yoyote, wamwite fundi wa karakana. Bi Zulia aliisoma karatasi ile akaamua kwamba inawahusu wachafu.

Fundi mwenyewe aliitwa Spana, mwanamume wa makamo mwenye mikono mizuri na maneno machache, aliyetengeneza vitanda, jenereta, feni na kila kilicholia. Alhamisi moja mkanda wa Mkwe ulikatika, Spana akafunga mpya, akamjaribu, Mkwe akaenda, fundi akaondoka zake. Ijumaa Bi Zulia akakata kutwa nzima, kisha akamwosha kwa bidii kupita siku zote, maana Spana alikuwa amemwachia alama za vidole vya grisi kila mahali.

Jumatatu asubuhi Mkwe akawaka kwa mvuto mmoja. Kisu kikazunguka. Bi Zulia akabana kishikio chembamba, na Mkwe akasimama palepale akinguruma, kama mtu anayekubali kila unalomwambia na asinyanyuke kwenye kiti. Akaachia, akabana tena. Magurudumu hayakwenda. Alipomsukuma mbele alikuwa mzito wa ajabu, lakini alipomvuta nyuma alikuja kwa hiari, mwepesi, kama mtoto anayeitiwa peremende.

Spana akaja, akasikiliza, akapiga goti, akautazama mkanda wake mpya, ukawa mzima. Akainuka akijifuta mikono, akasema giaboksi, lile boksi la gia linaloendesha magurudumu, imekufa.

Hapo ndipo Bi Zulia alipofungua kinywa, na kilipofunguka kilikuwa na mengi. Alimwambia mbele ya kibanda cha chai, wapo madereva, wapo wauguzi, wapo watu wa jikoni, kwamba Mkwe alikuwa mzima miaka tisa mpaka alipoingizwa mkono na mtu. Kwamba kuna fundi wa kutengeneza na kuna fundi wa kutengua. Kwamba hata yeye mwenyewe asingemruhusu amfungie mlango wa banda la kuku. Watu walicheka kwenye vikombe.  Spana aliweka kikombe chake chini kikiwa hakijaisha, akaenda zake karakana, na wiki nzima hakuonekana tena kibandani.

Giaboksi ya kununua haikupatikana. Nyasi hazikusubiri, kufikia Alhamisi zilikuwa zimefunika vifundo vya miguu. Katibu wa hospitali, mwanamume anayesema mambo makali kwa sauti ya kubembeleza, akamwita Bi Zulia ofisini, akamkaribisha kiti. Akamweleza kwamba Jumatatu saa mbili watakuja watu wa nje wenye trekta dogo, na mteremko utakuwa wao. Yeye asihofu kitu, kazi yake ipo. Chumba cha kufulia kilikuwa na upungufu wa mtu.

Bi Zulia alisikia joto la yale mashuka usoni. Akaomba kitu kimoja: apewe Mkwe siku mbili za mwisho wa wiki, ampeleke kwa fundi anayemjua. Akifika Jumatatu na mashine haipandi, atakwenda kukunja bila neno. Katibu alisema bila neno ndiyo itakuwa ngumu, akatia sahihi.

Fundi anayemjua alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Hakuwa fundi wa mashine za nyasi. Alikuwa fundi wa cherehani, mwanamke mnene, mwepesi wa vidole, mwenye chumba kimoja cha mbele kilichojaa cherehani za watu kama zahanati inavyojaa watoto: nyingine zimefunguliwa vichwa, nyingine zimelazwa ubavu, kila moja na kikaratasi cha jina la mwenyewe. Jumamosi asubuhi Bi Zulia alipoingia akisukuma toroli lenye Mkwe, wifi alimtazama huyo mgeni kuanzia magurudumu hadi kishikio.

"Mimi nashughulika na wanaoshona, wifi. Huyu anashona nini?"

"Ameshona kinywa. Mfungue."

Wifi alisema kwamba hajawahi kumwona wa namna hii tumboni, na kwamba akimuua asisikie habari za ukoo kuitwa kikao. Lakini tayari alikuwa amesogeza meza. Kila mashine, alisema, ni hadithi moja tu. Kuna anayezunguka, kuna anayepokea mzunguko, na kuna wa mwisho anayefanya kazi. Ikikwama, uanze kwa anayezunguka na umfuate mmoja baada ya mwingine hadi ufike kwa aliyeacha kupokea. Wengi hubuni. Humwona mnene kuliko wote wakasema ni huyo.

Akamwaga petroli kwenye chupa, akachomoa waya wa plagi akaufunga mbali na kitambaa, maana kisu, alisema, hakina shemeji. Kisha wakamlaza Mkwe ubavuni, Bi Zulia akaona kwa mara ya kwanza upande ambao miaka tisa ulitazama ardhi.

Walianza juu. Kishikio chembamba kilivuta waya, waya ukavuta mkono mdogo wa chuma, mkono ukakaza mkanda. Wifi alikifunga kishikio kwa ukanda wa kitambaa kibaki kimebanwa, akavaa glovu nene, akakizungusha kisu taratibu kwa mkono. Mkanda ukazunguka, na puli, kigurudumu cha giaboksi kinachopokea mkanda, ikazunguka nao. Mpaka hapo kila mtu anapokea, wifi akasema. Sasa tuingie kwa maiti wa fundi wenu.

Giaboksi ilikuwa boksi la plastiki ngumu, ukubwa wa viganja viwili vilivyofumbatana, limekaa katikati ya ekseli. Wifi alifungua skrubu zake moja moja, akazipanga kwenye kifuniko cha kopo kwa mpangilio ule ule zilivyokaa. Kisha akalipasua boksi polepole kwa bisibisi, kama mtu anayefungua barua isiyo yake.

Bi Zulia alitarajia kuona vumbi, kutu, meno yaliyovunjika. Alichoona kilimfanya ashike ukingo wa meza. Mle ndani palikuwa pasafi kuliko jiko lake. Ndani ya grisi yenye rangi ya asali ilikuwa imelala skrubu nene ya chuma, inang'aa, na juu yake ikakaa gia ya shaba, manjano, meno yake yote yapo, kila jino limepinda kidogo lipate kuingia kwenye mfereji wa ile skrubu. Hakuna nyasi iliyofika humo. Mvua za miaka tisa hazikuingia humo. Wakati yeye akipiga kelele na jua likimchoma na nyonga ikimlilia, hawa wawili walikuwa wakifanya kazi humu gizani, kimya, hawajaonwa na mtu.

Wifi akaizungusha puli kwa kidole. Skrubu ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka, na ile gia ya shaba ikasogea jino kwa jino, taratibu kama kiongozi wa msafara.

"Unaona? Huyu anazunguka mara nyingi ili yule azunguke kidogo. Lakini hicho kidogo kina nguvu ya kupandisha mteremko."

Bi Zulia alitazama muda mrefu. Kisha akasema ni kama yeye na kaka wa mtu: yeye aseme mara ishirini, mume asogee mara moja. Wifi alicheka hadi bisibisi ikamdondoka, akasema lakini akisogea si husogea, na huyo ni kaka yake, asisengenywe penye grisi.

Giaboksi haikuwa imekufa. Bi Zulia alifurahi mara mbili, na furaha ya pili haikuwa nzuri: alijiona yupo kibandani Jumatatu akimwambia Spana kwamba maiti wake amefufuka. Maneno alikuwa nayo tayari, ameyapanga kama wifi alivyopanga skrubu. Wakafunga boksi, wakamsimamisha Mkwe, wakamweka juu ya matofali magurudumu ya nyuma yaning'inie, na wifi akavua kofia za magurudumu wapate kuona ekseli inavyokwenda.

Alirudi kwenye kisu. Alipokizungusha mkanda ulikwenda, puli ikaenda, na ekseli ikazunguka. Bi Zulia aliiona kwa macho yake ncha yake ikizunguka. Gurudumu lilitulia. Na kutoka ndani ya gurudumu ikatoka sauti ndogo, tik, tik, tik, kama saa ya mkononi.

Wifi aliacha. Akazungusha tena, ameinamisha sikio. Kisha akakaa kwenye kigoda chake akamtazama wifi yake kwa namna ambayo Bi Zulia hakuipenda.

"Nani aliyatoa magurudumu haya?"

Bi Zulia akauliza kwa nini.

 Wifi alinyoosha mkono kwenye cherehani ya karibu, akafungua skrubu ya gurudumu la mkono, akatoa washa, pete nyembamba ya chuma yenye ndimi ndogo zilizopinda. Washa hii, alisema, ina uso na ina kisogo. Ukiirudisha imegeuka, cherehani inaonekana nzima kabisa, gurudumu linazunguka vizuri, na sindano haishuki ng'o. Kila mwezi analetewa tatu au nne za namna hiyo. Mwenyewe huja amekasirika, anamlaani aliyemuuzia, anamlaani fundi aliyemtangulia.

"Na wote ni wanawake wasafi. Cherehani ya mchafu haipati ugonjwa huu, kwa sababu hajawahi kuifungua."

Kisha akatoa gurudumu la kulia. Mwisho wa ekseli palikuwa na pete ya kubana. Aliibinua ikaruka, na gia ndogo, si kubwa kuliko kifuniko cha chupa, ikatoka mkononi mwake. Kwenye ekseli penyewe palikuwa na ufa, na ndani ya ufa kipande cha chuma kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kilikuwa kinacheza, kinaingia na kutoka. Wifi alikiita ulimi. Akampa Bi Zulia ile gia, akamwambia aingize kidole ndani yake azungushe.

Alizungusha. Upande mmoja kidole kilipanda polepole kikadondoka, kikapanda kikadondoka, laini. Alipozungusha upande wa pili kidole kiligonga ukuta.

Ndani ya gia mlikuwa na ngazi. Ngazi ndogo zimezunguka duara, kila moja imeinama upande mmoja na imesimama wima upande wa pili. Ekseli ikizunguka kwa kwenda mbele, ulimi unatoka, unagonga ule ukuta, unaing'ang'ania gia na gia inalibeba gurudumu. Ukitaka kumsukuma Mkwe kwa haraka kuliko anavyokwenda mwenyewe, ulimi unapanda ile ngazi iliyoinama, unateleza, unakuachia upite. Hakuna mtu anayeuamuru ulimi huo. Hauna waya wala springi. Kwa kuzunguka tu unajua lini ushike na lini uachie.

Bi Zulia alikuwa amepiga goti, nyonga na vyuma vyake vyote, hakumbuki amepiga lini. Alikigusa kile kipande kwa ncha ya kidole. Kikaingia ndani ya ufa. Alipoondoa kidole kikajitokeza. Alifikiria mteremko, uzito wa Mkwe, uzito wake mwenyewe akining'inia nyuma, mvua na umande, mara mia ngapi kwa wiki kwa miaka tisa, na vyote hivyo vilikuwa vimeshikiliwa na vipande viwili vya chuma ambavyo angeviangusha jikoni angevifagia pamoja na maganda.

"Kuna mtu alikaa akaliwaza hili," alisema.

"Alikaa," wifi akasema. "Na aliwaza kulia na kushoto. Ya kulia ngazi zake zinatazama huku, ya kushoto zinatazama kule. Hizi zimebadilishana nyumba. Sasa niambie, ni nani aliyatoa magurudumu?"

Bi Zulia akamwambia. Ijumaa ile nyasi zilikuwa zimejifunga kwenye ekseli kama nywele kwenye kitana, na zile alama za vidole vya Spana zilifika hadi kwenye magurudumu. Aliazima spana na koleo kwa dereva. Alitoa magurudumu yote mawili, akatoa na vile vigia, akavitia vyote kwenye beseni moja la maji ya sabuni kama anavyotia vikombe. Akavisugua vikang'aa. Akavianika. Alipovirudisha vilikuwa sawa kabisa, wewe ungejua kipi ni kipi? Alijisifu hata. Na ulimi ule hakuuona, alidhani ni uchafu ulioganda kwenye ufa, akausugua nao.

Wifi hakucheka, na hilo lilimwuma zaidi. Alimkabidhi zile gia mbili. Azirudishe mwenyewe, alisema, yeye mikono yake imechoka.

Bi Zulia alizirudisha. Kila moja aliishika kwanza kwenye mwanga wa mlangoni, akatia kidole ndani, akasikia ngazi zinakoelekea, akaiuliza wewe ni wa wapi. Alipofunga pete ya mwisho wifi alikizungusha kisu, na magurudumu mawili yaliyoning'inia juu ya matofali yakaanza kwenda, pamoja, bila sauti. Walikaa wakiyatazama yanavyokwenda bila kufika popote. Mteja aliyekuja kuchukua cherehani yake alisimama mlangoni, akaona wanawake wazima wawili wamekaa sakafuni wanatazama magurudumu, akasema atarudi kesho.

Lakini Jumapili haikuwa na raha. Kitu kimoja Bi Zulia alikuwa hakukiona hadi alipolala chali akikitazama: akisema ukweli, amevunja amri ya karatasi ya stoo, ameharibu mali ya hospitali kwa mkono wake, na mtu wa namna hiyo mahali pake ni chumba kisicho na dirisha. Akinyamaza, Mkwe anapanda, mteremko ni wake, na Spana anabaki fundi wa kutengua. Mumewe, ambaye ni mlinzi na hulala mchana kama popo, aliamka akamwuliza mbona leo hasemi. Akamwambia alale.

Jumatatu kabla ya saa mbili trekta dogo lilikuwa limekwishafika, jekundu, jipya, limesimama kando ya uzio na vijana wawili juu yake. Katibu alikuwepo. Spana alikuwepo pia, ameitwa athibitishe kwamba mashine imekufa iandikwe hivyo, na alisimama mbali na Bi Zulia kwa umbali wa kile kikombe cha chai alichokiacha hakijaisha. Madirishani kina mama walikuwa wamejaa. Habari za hospitali hazihitaji miguu.

Bi Zulia alimweka Mkwe chini kabisa ya mteremko, nyasi zimefika nusu ya gurudumu. Alivuta kamba, akawaka. Akabana kishikio chembamba.

Mkwe akaenda. Aliinua pua yake, akaingia kwenye zile nyasi, akapanda. Nyuma yake ukafunguka mstari, mwepesi, umenyooka. Bi Zulia alikuwa ameshikilia, lakini masikio yake hayakuwa kwenye ngurumo. Alikuwa akiwaona wote mle ndani, skrubu inakimbia, gia ya shaba inasogea kwa heshima, na ndimi mbili zimetoka zimeshika ukuta, hazimwachii. Alifika juu machozi yanamtoka, akasingizia vumbi.

Aliposhuka, katibu alikuwa amekwisha kumgeukia Spana kwa ile sauti yake ya kubembeleza. Alimwuliza ilikuwaje giaboksi iliyokufa ikapanda mlima, na kama itabidi wakague na vitanda. Spana alitazama viatu vyake.

"Hakuharibu yeye," Bi Zulia akasema.

Akasema yote. Hakupamba. Beseni, sabuni, karatasi ya mlangoni ambayo aliisoma na akaipuuza, kulia na kushoto. Alisema fundi huyu alifunga mkanda na mkanda ukawa mzima, na kwamba maneno ya kibandani anayarudisha mbele ya waliocheka. Alipomaliza alivua glovu, akazikunja, akasimama nazo mkononi akingojea kuambiwa njia ya kufulia, kama vile haijui.

 Katibu alitazama lile trekta, akatazama ule mstari mmoja kwenye mteremko, na watu husema alitazama na madirisha, maana kutoka huko juu sauti za wazazi zilikuwa zimeanza kumwuliza kwa kina iwapo ana mpango wa kumwacha mama wa watu asimame juani. Hatimaye alisema kwamba trekta litakata uwanja wa mbele, kule ni tambarare. Na kwamba kuanzia leo Mkwe hafunguliwi nati ila Bi Zulia na fundi wakiwepo wote wawili, wakichungana. Alipotamka jina Mkwe alijishtukia, akakohoa, akaondoka.

Bi Zulia na Spana wakabaki. Alimwambia samahani tena, kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuizoea. Spana alisema siyo kitu. Kisha akasema ni kitu: na yeye alisikia ile tik tik, aliisikia Jumatatu ileile, lakini miaka yote hajawahi kufungua gurudumu la mashine inayojivuta. Alisema giaboksi kwa sababu ndiyo kubwa. Akamwuliza huo ulimi umekaaje.

 Bi Zulia alizima mashine, akamwambia alete koleo, wakapiga magoti kwenye nyasi, akatoa gurudumu moja, gia ikamtua Spana kiganjani. Alimwambia aingize kidole. Alimtazama usoni wakati kidole kikipanda zile ngazi, akamwona anavyofika kwenye ukuta, na yule mwanamume wa maneno machache akairudisha gia nyuma akaanza upya.

Walirudisha gurudumu, kila mmoja akahakikisha. Bi Zulia akawasha, akaanza mstari wa pili. Spana hakurudi karakana. Alipanda naye mteremko kando ya Mkwe, ameinama, macho kwenye gurudumu la nyuma, akashuka naye, akapanda naye tena, hadi katibu aliyekuwa akipita na faili zake alisimama akamwuliza kama ameangusha kitu.

"Hapana, mkuu," Spana alijibu bila kuinua kichwa. "Namwangalia anavyoshika."